Hasara ya Saiti Mbele ya Mizani ya Mahakama

Jengo la darasa au la zahanati, hata likiwa dogo kama yale yanayojengwa katika kata ya Sibwesa, Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, halijengwi na mkono mmoja. Yupo anayechimba msingi na kumwaga jamvi, yupo anayepandisha kuta hadi kwenye lenta, yupo anayepaua, yupo wa plasta na rangi, na wale wa nyaya za umeme na mabomba huja kivyao. Na kila mmoja wao hufanya kazi kwa makubaliano na mtu aliye juu yake, ambaye naye amekwisha kutoa ahadi kwa mwingine aliye juu zaidi. Makubaliano haya ya ngazi ya chini ndiyo mikataba midogo ya ujenzi, na anayeipokea kazi kwa njia hiyo huitwa mkandarasi msaidizi, ingawa saitini jina lake ni fundi tu. Makubaliano yanapovunjwa, nguvu nyingi huishia katika kubishania nani mwenye kosa, ilhali swali linaloamua kama mdai atarudi nyumbani na kitu ni jingine, nalo wengi hulifikia bila maandalizi: hasara ni shilingi ngapi, na inathibitishwa kwa kitu gani?

Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, umeishi na ujenzi tangu kuzaliwa kwake. Barabara ya lami ya kutoka Tabora kupitia Koga hadi Mpanda, iliyogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilikatwa vipande na kugawiwa wakandarasi tofauti. Bandari ya Karema, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, ilijengwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania kwa kutumia kampuni ya China. Na mkoa mpya pamoja na halmashauri zake ulihitaji ofisi, hospitali, nyumba za watumishi na shule. Kwa kawaida kazi kubwa za namna hii hutiririka kuelekea chini, kwa kuwa kokoto husombwa na mwenye malori, nondo hufungwa na kikundi cha mafundi, na mitaro ya mawe hujengwa na fundi aliyepimiwa mita zake na kukubaliana bei ya kila mita. Kando ya njia hiyo upo utaratibu wa fosi akaunti, ambamo shule au halmashauri hununua vifaa yenyewe na kumlipa fundi gharama ya ufundi pekee, ile inayoitwa kazi ya leba. Tofauti kati ya njia hizi mbili si ya majina tu, kwa sababu inaamua ni nani wa kushtakiwa na katika mahakama ipi.

Sheria inayotawala mahusiano hayo Tanzania Bara ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata kwa karibu sana sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo kabla ya hapo ndiyo iliyokuwa ikitumika Tanganyika. Kwa mujibu wa kifungu cha 10, makubaliano huwa mkataba yakifanywa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kisheria, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Na isipokuwa pale ambapo sheria nyingine inataka maandishi, ahadi ya mdomo nayo ni mkataba kamili. Fundi aliyepatana bei mbele ya kuta zisizopauliwa, akapeana mkono na mkandarasi na kuanza kazi kesho yake, ana mkataba. Anachokosa ni ushahidi wake, na hilo ni tatizo la aina nyingine.

Jambo la kwanza ambalo mahakama huliangalia ni kama aliyeshtakiwa ni upande wa mkataba. Kanuni ni kwamba haki na wajibu wa mkataba huwabana waliouingia tu, kwa hiyo mkandarasi msaidizi asiyelipwa hawezi, kwa kawaida, kumruka mkandarasi mkuu na kumdai mwenye mradi, hata kama bati alizozipigilia zinamkinga mwenye mradi na mvua. Vilevile mwenye mradi, akikuta paa linavuja, humdai mkandarasi mkuu, naye hawezi kujitetea kwa kusema kwamba paa lilipigwa na mtu mwingine, kwa maana kumkabidhi mtu kazi hakuhamishi ahadi aliyoitoa yeye. Mkandarasi mkuu hulipa juu, kisha humgeukia msaidizi wake kwa kesi au kwa makato. Mnyororo huu una ukali wake, kwani kiungo chembamba kuliko vyote, yaani fundi aliyenunua misumari kwa fedha za mkopo, ndicho hungoja malipo kwa muda mrefu zaidi.

Fundi wa fosi akaunti yumo katika hali tofauti, kwa sababu yeye hana mkandarasi wa katikati na mkataba wake ni na taasisi ya umma moja kwa moja. Marekebisho ya mwaka 2020 ya Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali yaliziingiza serikali za mitaa katika utaratibu ule ule wa Serikali Kuu: mdai sharti atoe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika shauri, na kulifungua katika Mahakama Kuu. Kwa mtu wa Sibwesa anayedai milioni chache za leba, maana yake ni safari ndefu, wakili, na miezi ya kusubiri kabla hata shauri halijasajiliwa. Yule anayemdai mkandarasi binafsi hana kizuizi hicho, naye anaweza kuanzia katika mahakama za chini kulingana na kiasi anachodai. Ni jambo la kusikitisha kwamba anayejenga darasa la watoto wa kijiji chake hukutana na njia ndefu kuliko anayejenga nyumba ya kupangisha, na walioipitisha sheria hiyo wanapaswa kuufikiria tena uzito huo kwa madai madogo.

Kuvunja mkataba hakumaanishi kuondoka saitini peke yake. Huvunja mkataba anayejenga chini ya kiwango, anayechelewa pale ambapo muda ni kiini cha makubaliano, anayekataa kulipa kazi iliyopimwa na kukubaliwa, na pia yule anayemzuia mwenzake asiweze kutimiza ahadi yake. Mpauaji hawezi kuinua kenchi juu ya kuta ambazo lenta yake haijamwagwa, na mahali ambapo ahadi mbili zimepangwa kufuatana, aliyeshindwa kutimiza ya kwanza hana haki ya kumdai mwenzake ya pili. Kinyume chake, yeye ndiye anayewiwa fidia. Hapa makosa mengi hufichwa na neno kuchelewa: mkandarasi hudai fundi amechelewa siku 30, kumbe siku 20 kati ya hizo ziliishia katika kungoja mbao, na siku 10 tu ndizo za fundi.

Wala mvua na bei si kinga ya kila kitu. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Mikataba humwachilia mtu pale tu utekelezaji unapokuwa hauwezekani kabisa au unapogeuka kuwa haramu. Kupanda kwa bei ya saruji, au masika kukata njia katika mkoa ambao kila mtu anajua mvua zake huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili, huufanya mkataba uwe mgumu na wa hasara bila kuufuta. Na yupo pia anayepoteza haki yake kwa kunyamaza. Chini ya kifungu cha 55, mtu ambaye muda ulikuwa kiini cha mkataba wake, kisha akaipokea kazi iliyocheleweshwa bila kutoa taarifa kwamba bado anakusudia kudai fidia ya ucheleweshaji, hawezi kuidai baadaye. Barua ya mistari mitatu siku ya kupokea ufunguo inaweza kuwa na thamani ya mamilioni.

Msingi wa kupima hasara yenyewe umo katika kifungu cha 73. Aliyeumizwa na uvunjaji wa mkataba anastahili kulipwa hasara iliyotokea kwa njia ya kawaida ya mambo kutokana na uvunjaji huo, au hasara ambayo pande zote mbili, wakati wa kuingia mkataba, zilijua kwamba ingeweza kutokea. Na halipwi hasara ya mbali wala ile iliyozaliwa na hasara nyingine. Maneno hayo yametoka katika kesi ya mwaka 1854 nchini Uingereza, ambayo mawakili wa Afrika Mashariki wameitaja kiasi cha kuifanya kama ya nyumbani. Mtambo wa kusaga nafaka katika mji wa Gloucester, mali ya akina Hadley, ulisimama baada ya mhimili wake wa chuma kuvunjika, na mhimili huo ukakabidhiwa kampuni ya usafirishaji iliyowakilishwa na Baxendale ili upelekwe Greenwich ukawe kielelezo cha kutengenezea mpya. Msafirishaji alizembea, kinu kikakaa siku kadhaa zaidi bila kusaga, na wenye kinu wakadai faida iliyopotea. Mahakama iliwakatalia, ikieleza kwamba msafirishaji hakuwa ameelezwa hali ambayo ingemfanya aone kwamba kuchelewa kwake kungezuia kinu kizima, kwani mwenye kinu angeweza kuwa na mhimili wa akiba.

Kanuni hiyo ikipelekwa kwenye saiti ya Katavi inang'ata kwelikweli. Na ichukuliwe kwamba mkandarasi mkuu ana mradi wa shilingi milioni 400 ambao, kwa kila siku ya kuchelewa, mwenye mradi hukata asilimia 0.1, yaani shilingi 400,000, na kwamba fundi wa paa, ambaye mkataba wake wote ni wa milioni 24, amechelewa kwa siku 20. Makato ya juu ni milioni 8, theluthi moja ya malipo yote ya fundi. Kama fundi alionyeshwa sharti hilo, au kama mkataba wake mdogo unasema kwamba amefungwa na masharti ya ule mkuu kuhusu muda, hasara hiyo ilikuwa machoni pake na inaweza kumwangukia yote. Kama alipewa bei, tarehe na vipimo vya kenchi peke yake, mkandarasi atakuwa na kazi ngumu ya kuishawishi mahakama kwamba mtu wa milioni 24 alikubali kimyakimya kubeba adhabu ya mradi wa milioni 400. Na kama mkandarasi, kwa kunyimwa malipo ya mradi huo, alishindwa kulipa mkopo wa benki akapoteza lori lake, hasara hiyo iko mbali mno. Imepita mikono mingi kabla ya kumfikia.

Lengo la fidia ni kumweka aliyeumizwa pale ambapo angekuwa kama mkataba ungetimizwa, si juu ya hapo. Sentensi hii ni nyepesi kuisema, lakini hesabu yake hukosewa katika madai mengi. Fundi yule yule wa milioni 24 akiwa amepokea milioni 10 kisha akaondoka bila sababu, na mkandarasi akampata mwingine aliyemaliza kazi kwa bei ya haki ya milioni 17, mkandarasi huja mahakamani akidai milioni 17, au akidai arudishiwe milioni 10, na wengine hudai zote mbili kwa pamoja. Hasara yake ni milioni 3. Alikuwa bado na milioni 14 ambazo angemlipa fundi wa kwanza na ambazo zimebaki mfukoni mwake; kilichoongezeka juu yake ni tofauti kati ya milioni 17 na 14. Kama fundi wa pili angemaliza kwa milioni 13, uvunjaji ungekuwepo lakini hasara hiyo isingekuwepo, na mahakama ingeweza kutoa fidia ya jina tu, kiasi kidogo cha kutambua kwamba haki ilikiukwa.

Upande wa pili wa shilingi ni fundi aliyefukuzwa bila haki. Na ichukuliwe kwamba kwa bei ile ile ya milioni 24 fundi alikadiria kutumia milioni 20 na kubaki na faida ya milioni 4. Alipofukuzwa alikuwa ametumia milioni 8 na kulipwa milioni 5. Kama mkataba ungetimizwa, angepokea milioni 19 zilizobaki, lakini ili kuzipata angetumia milioni 12 nyingine ambazo sasa hatazitumia. Kwa hiyo fidia yake ni milioni 7, ambazo ukizivunja utaona ndani yake milioni 3 alizotumia bila kurudishiwa na milioni 4 za faida. Mbao na mabati aliyoondoka nayo, yakiwa na thamani ya milioni 1 na yakiweza kutumika kwingine, hupunguza dai kuwa milioni 6. Lakini hesabu hiyo hiyo humgeukia fundi aliyekadiria vibaya: kama gharama halisi ya kazi yote ingefika milioni 26, basi baada ya kutumia 8 zingebaki 18, na milioni 19 ukitoa 18 hubaki milioni 1 tu. Kazi iliyokadiriwa kwa hasara haigeuki kuwa ya faida kwa sababu upande wa pili umeivunja, na hapa ndipo mchanganuo wa gharama ulioandaliwa kabla ya kazi unapomsaidia au kumwangusha mwenyewe.

Pale ambapo makubaliano hayakukamilika au bei haikupangwa, sheria haimwachi fundi mikono mitupu. Kifungu cha 70 kinasema kwamba anayemfanyia mwenzake jambo kwa njia halali, bila nia ya kulifanya bure, na mwenzake akanufaika nalo, anastahili kulipwa. Kazi za ziada ambazo huagizwa kwa mdomo juu ya dari, chumba kimoja hapa na ngazi pale, mara nyingi hudaiwa kwa njia hii. Mahakama hutafuta thamani ya haki ya kazi yenyewe kwa bei za eneo, na haiangalii matumaini ya fundi.

Kazi mbovu ina mzani wake. Kwa kawaida fidia ni gharama ya kurekebisha, lakini gharama hiyo ikiwa kubwa kupita kiasi ukilinganisha na faida ya marekebisho, mahakama hutafuta njia nyingine. Mfano maarufu ni kesi ya kampuni ya Ruxley iliyoamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 1995, kuhusu bwawa la kuogelea lililopaswa kuwa na kina cha futi 7 na inchi 6 lakini likajengwa na kina pungufu, ambapo mahali pa kurukia palikuwa na futi 6. Kulibomoa na kulijenga upya kungegharimu zaidi ya pauni 21,000, ilhali bwawa lilikuwa salama na thamani ya nyumba haikushuka. Mwenye nyumba akaachiwa pauni 2,500 kwa kukosa kile alichokitamani. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Tanzania, ila unaweza kuzishawishi. Hata hivyo usichukuliwe kama ruhusa ya kulipua kazi. Lenta iliyopunguziwa nondo katika darasa la watoto 50 si suala la urembo wala la kina cha bwawa, na hakuna ukubwa wa gharama utakaofanya kuibomoa kuwe kupita kiasi.

Mikataba mingi ya ujenzi hujaribu kuimaliza hesabu mapema kwa kutaja kiasi kitakacholipwa na mvunjaji. Kifungu cha 74 kinaeleza kwamba kiasi hicho kikitajwa, aliyeumizwa anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa, iwe hasara halisi imethibitishwa au la. Kwa maneno mengine, kiasi kilichoandikwa ni dari, wala si bei. Sharti la kwamba atakayevunja mkataba wa milioni 24 atalipa milioni 50 linaweza kuishia katika milioni 3 zilizohesabiwa hapo juu. Na sharti la milioni 2 linaweza kumzuia aliyepata hasara ya milioni 5 asivuke hizo 2. Wanaoandika tarakimu kubwa ili kutisha wanapaswa kujua kwamba hakimu hatishwi nayo, na wanaoandika ndogo ili mkataba usainiwe upesi wanajifunga wenyewe.

Lipo sharti jingine ambalo mkandarasi msaidizi hulitia saini bila kulipa uzito: kwamba atalipwa baada ya mkandarasi mkuu kulipwa na mwenye mradi. Kwa sharti hilo mtu hubeba hatari ya mradi asioujua, wa mwenye mradi asiyemjua, naye hana hati hata moja ya kumwonyesha kama fedha zimekwisha kuingia. Uingereza ililinyima nguvu sharti hili kwa sheria ya mwaka 1996, isipokuwa pale ambapo mlipaji wa juu amefilisika. Mahakama inayolisoma huanza na maneno yaliyomo, ila kanuni kwamba mtu asinufaike na kosa lake mwenyewe inabaki palepale: mkandarasi aliyenyimwa malipo kwa sababu ya uzembe wake hawezi kuugeuza uzembe huo kuwa ngao dhidi ya aliyepaua vizuri.

Katika hukumu za Tanzania fidia hugawanywa kwa namna moja muhimu. Fidia mahususi ni ile inayohesabika, kama malipo ya hati iliyokubaliwa, kodi ya mashine iliyokaa bure au bei ya vifaa vilivyoharibika, na Mahakama ya Rufani imeshikilia kwa uthabiti, katika hukumu zinazotajwa sana ikiwemo moja ya mwaka 1992, kwamba sharti itajwe waziwazi katika hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu. Fidia ya jumla ni ile ambayo sheria huichukulia kuwa imetokana na kosa lenyewe, kama usumbufu, na kiasi chake huachiwa busara ya mahakama, ambayo nayo hulazimika kutoa sababu. Mahakama ya rufaa huingilia kiasi hicho iwapo kilitolewa kwa kanuni potofu au ni kikubwa au kidogo kupita kiasi. Wapo wanaodhani kwamba kudai mamia ya milioni kama fidia ya jumla kutawafikisha katika mahakama ya juu zaidi, lakini katika kesi ya Tanzania-China Friendship Textile dhidi ya Our Lady of Usambara Sisters iliyoripotiwa mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba kinachoamua mamlaka ya mahakama kwa kipimo cha fedha ni dai lenyewe la msingi, wala si fidia ya jumla.

Uthibitisho wa fidia mahususi ndio unaoangusha madai mengi ya kweli. Mtu alinunua saruji, lakini hana risiti. Vibarua walikaa siku 9 wakingoja kokoto, lakini hakuna aliyeandika. Kazi ya ziada iliagizwa, lakini kwa sauti tu. Daftari la saiti linaloandikwa kila jioni, likitaja tarehe, idadi ya vibarua, kilichofanyika na kilichokwama, ni ushahidi wenye nguvu kwa sababu liliandikwa kabla ya ugomvi kuzaliwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu pia ujumbe wa simu, picha na kumbukumbu za miamala kupokelewa, na uzito wake hutegemea jinsi zilivyotunzwa. Mkataba wa maandishi nao una kizingiti chake: Sheria ya Ushuru wa Stempu inataka hati ilipiwe ushuru ndipo ipokelewe kama ushahidi, na muhuri wa mtendaji wa kijiji, unaoaminiwa sana, hauchukui nafasi ya ushuru huo. Hati isiyolipiwa inaweza kuokolewa kwa kulipa ushuru pamoja na adhabu, ila ni heri kulijua hilo kabla wakili wa upande wa pili hajasimama na kuweka pingamizi.

Aliyeumizwa pia ana wajibu wa kuipunguza hasara yake, maana kifungu cha 73 kinaitaka mahakama izingatie njia zilizokuwepo za kuiondoa adha iliyoletwa na uvunjaji. Mkandarasi aliyeachwa na fundi katikati ya kiangazi, akaliacha jengo wazi hadi mvua ikalowesha plasta, hatalipwa plasta hiyo ikiwa mafundi walikuwepo Mpanda na bei zao zilijulikana. Wala hawezi kumwita fundi wa bei kubwa kutoka mbali kisha akamtwisha mvunjaji tofauti yote. Fundi aliyefukuzwa naye hutarajiwa kutafuta kazi nyingine. Kinachotakiwa ni juhudi za kawaida za mtu mwenye busara, na hakuna anayelazimika kuuza mali yake ili kumpunguzia mvunjaji mzigo.

Mikataba rasmi ya ujenzi, hasa inayofuata vielelezo vya Baraza la Taifa la Ujenzi lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, kwa kawaida huelekeza migogoro kwa msuluhishi kabla ya mahakama, na Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 huiheshimu njia hiyo, kiasi kwamba anayekimbilia mahakamani anaweza kurudishwa. Msuluhishi aliye mhandisi au mkadiriaji majenzi huelewa upesi lugha ya kenchi na lenta, ingawa ada zake zinaweza kulimeza dai dogo. Kwa wanaofika mahakamani, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama yameleta nafuu ambayo haijasifiwa vya kutosha: fundi anaweza kusikia hasara yake ikichambuliwa kwa maneno yale yale aliyoyatumia kupatana kazi.

Deni lililokwisha kuamuliwa huzaa riba ya asilimia 7 kwa mwaka tangu siku ya hukumu, isipokuwa pande zilikubaliana riba nyingine isiyozidi asilimia 12. Na muda wa kufungua shauri la mkataba ni miaka 6, unaohesabiwa tangu mkataba ulipovunjwa, si tangu siku ambayo mdai alichoka kusubiri. Ahadi za mdomo za kulipwa mwezi ujao, hata zikirudiwa mara mia, hazisimamishi hesabu hiyo. Ila mdaiwa akilikiri deni kwa maandishi na kuweka saini kabla miaka 6 haijaisha, hesabu huanza upya kuanzia tarehe ya maandishi hayo.